Mabua na Fimbo za Kahawa

Mama alitusindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba sanduku la mdogo wangu kichwani, na kabla gari halijafika alinishika sikio. Hakuwa anafanya mzaha. Alilivuta mpaka nikainama.

"Huyu nakupa mzima," akaniambia. "Umrudishe kama nilivyokupa. Akirudi na alama, mimi na wewe tutajuana."

Mama hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Mwaka ule ule alikuwa amenivunjia mwiko mgongoni kwa sababu niliunguza maziwa, kisha akanituma dukani nikanunue mwiko mwingine. Kwa hiyo nilipoambiwa tutajuana, nilielewa vizuri kabisa. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, mdogo wangu darasa la nane, na tulikuwa tunaenda Kaaga, kwenye kambi ya nyimbo na maigizo ya likizo ya Agosti.

Kambi yenyewe ilikuwa ya mwalimu mmoja wa muziki kutoka Siakago. Alizunguka mashule ya Meru na Embu akisikiliza watoto wenye sauti, halafu likizo ikifika anatukusanya katika shule ya bweni, anatutungia mchezo wa nyimbo tupu, na siku ya kufunga kambi wazazi wanakuja kuuona. Baada ya hapo mchezo ulipelekwa Embu. Kuchaguliwa na mwalimu huyo lilikuwa jambo la kutangazwa kanisani.

Kile ambacho hakikutangazwa kanisani ni mpira wake. Pale walimu wengine wanapoangikia filimbi, shingoni, yeye aliangika kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Ukiimba chini ya noti, mpira. Ukicheka, mpira. Alikuwa akisema, "Mkiimba kama wagonjwa, mimi nitawatibu," na asubuhi ya kwanza alitutibu wote, kwa sababu baridi ya Agosti ilikuwa imetuziba koo na hakuna aliyetoa sauti ya kueleweka. Msichana aliyesimama karibu nami alijikojolea. Nilimfunika na sweta yangu nikala mpira kwa kuvunja mstari.

Mchezo wa mwaka ule ulihusu chifu wa enzi za mkoloni, mtu katili anayewacharaza wachuma kahawa mpaka siku wanapochoka, wanamzunguka na kumcharaza yeye. Mwalimu alitusikiliza mmoja mmoja ili agawe sehemu. Wavulana wakubwa sauti zao zilikuwa zimekwisha kuvunjika, zinakwaruza. Mdogo wangu alipofungua mdomo, wapishi walitoka jikoni na mikono yao ikidondoka maji. Nilikuwa nimemsikia akiimba tangu akiwa mgongoni mwangu, lakini siku hiyo hata mimi nilinyamaza. Mwalimu akasema, "Chifu amepatikana."

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, na yeyote aliyezaliwa kwetu angeuona ukija. Mvulana ambaye hajapashwa tohara kwetu Meru anaitwa mwiji, na usimwite mtu hivyo kama bado unayapenda meno yako. Waliokwisha kupashwa ni nthaka. Nthaka hali sahani moja na mwiji. Halali naye kitanda kimoja, hatumwi naye, na zaidi ya yote, hapigwi naye. Mdogo wangu angetahiriwa Desemba. Agosti ile alikuwa bado mwiji, naye ndiye aliyepewa fimbo.

Sehemu ya kiongozi wa wachuma kahawa ilipewa kijana mmoja mkubwa, mwenye kifua, aliyekuwa ametoka jandoni Desemba iliyopita na bado akitembea kama amevaa suti. Katika mchezo, chifu anamcharaza kiongozi huyo mbele ya watu. Mwalimu aliposoma hivyo, ukumbi mzima ulikauka.

"Mwalimu," yule kijana akasema, "huyo ni mwiji."

"Kwani atakuchapa na nini? Si bua la mahindi?"

"Hata na manyoya ya kuku, mwalimu."

Mwalimu angekuwa mtu wa pwani au wa ziwani ningesema hajui. Lakini alikuwa Mmbeere, na Wambeere ni watu kama sisi. Alijua alichokuwa anafanya, ila aliitaka ile sauti kuliko kitu chochote. Akauvua mpira shingoni. Alimchapa yule kijana mbele yetu wasichana, mapajani, mgongoni, mikononi alipojikinga, mpaka akapiga magoti. "Hapa hakuna nthaka!" akapiga kelele. "Hapa kuna waimbaji!" Kisha, huku kijana akiwa bado chini, akamgeukia mdogo wangu, akamtupia bua. "Chapa. Imba."

Mdogo wangu alinitazama. Nikatikisa kichwa: usithubutu. Akachapa. Na akaimba, na mungu wangu, aliimba! Bua lilipasukia mgongoni mwa yule kijana, pa, na sauti ikapanda juu yake bila kutetemeka. Nilimchukia na nikamwonea fahari kwa wakati mmoja.

Mchana wake, kwenye foleni ya githeri, nthaka mmoja alimpiga kumbo sahani ikaanguka. Alipoinama kuokota, teke. Alipoinuka, ngumi ya pua. Damu ilichuruzika kwenye shati lake jeupe na hakuna aliyesogea, kila mtu ameshika sahani yake. Mkono wangu mimi haujawahi kuwa mzito. Niliingia kati yao na upawa wa mpishi, ule mkubwa wa bati, nikampata mmoja wao nyuma ya sikio, mwingine kwenye kiwiko. Mmoja alinivuta nywele, nikamng'ata. Mwalimu alipofika, hakuuliza nani alianza. Alitupanga mstari tukampa viganja, aliyepiga na aliyepigwa, na mdogo wangu alichapwa huku pua bado inavuja.

Jioni nilimfuata bombani. "Tunaenda nyumbani," nikamwambia. "Mwambie mwalimu sauti imepotea. Twende."

"Siachi."

"Hawa watu watakumaliza!"

"Wacha wanimalize. Siachi."

"Na Mama nitamwambia nini? Eh? Nitampelekea nini?"

Akainamia bomba, akaosha pua, akaenda zake. Ungempiga makofi, lakini uso ulikuwa umekwisha kupigwa tayari.

Basi nikaamua kwamba kama hataki kuondoka, nitamlinda kwa njia yangu. Chifu alivaa koti la zamani la kaki. Nilichukua gunia kutoka stoo, nikalikunja mara mbili, nikalishonea ndani ya koti, mgongoni kote mpaka mabegani. Sehemu iliyoniogopesha ilikuwa ile ya mwisho, wachuma kahawa wanapoinuka: wanaume wanamzunguka chifu na fimbo, naye yuko chini, magoti yamekunjwa, akiimba ubeti baada ya ubeti mpaka wa mwisho. Sisi wasichana tulikuwa wanawake wa kijiji, tunatwanga na kuimba nyuma yao. Fimbo zote zilikuwa mabua makavu ya mahindi, kwa sababu bua hupasuka kwa kelele nyingi na haliumizi; mtu aliyekaa nyuma kabisa anafikiri mfupa umevunjika. Kila asubuhi niliyakagua mabua yale, moja moja. Wenzangu walinicheka. Waliniita mama chifu.

Baadaye mambo yalitulia, na huko kutulia ndiko kulikonidanganya. Niliona mdogo wangu akiwabebea wale wakubwa maji. Nikaona yule kijana mwenye kifua akimwekea mkono begani karibu na ukuta wa bweni, wakinong'ona. Siku zilizofuata kijana huyo alikubali kucharazwa bua bila kununa. Nikasema moyoni, afadhali, wamechoka kugombana. Mdogo wangu naye alianza kutembea kifua mbele na kunipita bila salamu. Hilo nalo nilidhani ni mambo ya umri.

Siku ya kufunga ilikuja na manyunyu. Wazazi walijaa ukumbini wakinuka moshi na sweta mbichi. Mama alikaa mbele kabisa, amefunga kile kitambaa chake cha Jumapili, na kikapu cha ndizi na nduma za kuchemsha miguuni. Aliniona nikichungulia pembeni mwa pazia akanipungia. Kisha akaelekeza kidole kifuani kwake na kuinua nyusi: wangu yuko wapi? Nikamwonyesha kwa ishara kwamba yuko, mzima. Akatulia.

Mchezo ulikwenda vizuri kupita mazoezi yote. Chifu alipomcharaza kiongozi, wazee walipiga mayowe na mama mmoja akamtukana chifu kwa Kimeru, matusi ya haja, watu wakacheka. Ikaja sehemu ya mwisho. Tukaingia na kinu na michi, tukaanza kutwanga na kuimba. Wanaume wakamzunguka mdogo wangu. Fimbo ya kwanza ikashuka.

Haikulia pa. Ilitoa ule mlio mzito wa mtu anayepura maharagwe ndani ya gunia.

Ya pili ikashuka, ya tatu, na hakuna iliyopasuka. Nikaangalia mikononi mwao. Hayakuwa mabua. Yalikuwa matawi ya kahawa, yamemenywa gome na kupakwa vumbi yafanane na mabua, na mti wa kahawa ukikauka ni mgumu, unajulikana kwetu, ndio tunaofanyia mipini. Mdogo wangu alikuwa chini anaimba. Fimbo moja ilimpata shingoni, juu ya kola, sauti ikakatika kama pumzi moja, kisha ikarudi. Ukumbi ulikuwa unashangilia. "Piga huyo! Mpige!" Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amesimama, anapiga makofi, anacheka, machozi yanamtoka kwa furaha. Mwanawe anacharazwa mbele ya macho yake naye anapiga makofi!

Niliuinua mchi. Ulikuwa mchi wa kweli, wa kutoka jikoni. Nilivuka duara nikampiga nao yule mwenye kifua kwenye bega, kwa nguvu zangu zote, na nilisikia kitu kikilia ndani yake. Akaanguka juu ya fimbo yake. Nikampiga wa pili kiunoni. Wa tatu alitupa fimbo na kukimbia, na ukumbi ulilipuka kwa vicheko na vigelegele, watu wamesimama juu ya viti, wanawake wanaruka, kwa sababu wote walifikiri ndivyo mchezo ulivyotungwa. Mwalimu akavuta pazia.

Nilipiga magoti nimwinue mdogo wangu. Alinisukuma nikaanguka kwa matako. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, midomo myeupe.

"Nani alikuita?"

"Walikuwa wanakuua, wewe!"

"Ulikuwa umebaki ubeti mmoja!" akapiga kelele. "Ubeti mmoja tu!"

Akafungua koti. Gunia langu halikuwamo. Nyuzi zangu zilikuwa zinaning'inia, zimekatwa na wembe, na aliyezikata ni yeye mwenyewe. Walikuwa wamekubaliana. Akipigwa fimbo za kweli mbele ya watu mpaka ubeti wa mwisho, bila kulia na bila kukatiza wimbo, wangekula naye sinia moja kuanzia siku hiyo, hata kabla ya Desemba, na hakuna ambaye angemwita mwiji tena. Ndiyo maana alibeba maji. Ndiyo maana ya kunong'ona karibu na ukuta.

Yule mwenye kifua alikuwa amekaa sakafuni, ameshika bega, uso umejaa jasho. Lakini alicheka. "Mwiji ameokolewa na msichana," akasema, na wenzake nao wakacheka, hata wale niliowaumiza. Hapo ndipo mdogo wangu alipolia. Fimbo hazikumliza, lakini hiyo ilimliza, kwa kwikwi, kamasi mpaka kidevuni, mbele yao wote.

Mwalimu alikuja akiwa ameushika mpira. Nilijua naumia. "Nani alikuambia uingie na mchi?" akaniuliza. Akatazama pazia, ambalo nyuma yake watu walikuwa bado wanashangilia, akaurudisha mpira shingoni. "Embu tutaiweka hiyo," akasema. "Lakini upige baada ya ubeti wa mwisho, si kabla."

Nilimtukana. Nilitumia tusi lile lile la yule mama wa ukumbini na nikaongeza la kwangu. Akainua mkono, mimi nikaushika mpira ukiwa bado shingoni mwake nikavuta, na tulikuwa tunavutana hivyo, mwalimu na mwanafunzi, macho yamemtoka, wakati Mama alipoingia na kikapu chake.

Aliona haraka. Aliona shingo ya mwanawe imefura na koti limelowa damu mgongoni. Akaweka kikapu chini taratibu, asimwage nduma. Akaja kwangu na kunipiga kofi ambalo lilinigeuza nikatazama nilikotoka.

"Nilikuambia nini?" akasema. "Nilikuambia nini mimi?"

Mwalimu alianza kueleza kwamba ni michezo tu, watoto, unajua watoto. Mama hakumtazama. Alimshika mdogo wangu mkono, akashika kikapu kwa mkono mwingine, tukaondoka bila masanduku. Embu mchezo ulikwenda bila sisi.

Nyumbani alichemsha maji akatia chumvi. Mdogo wangu alivua shati akageukia ukuta, na Mama akamwosha mgongo ule kwa kitambaa, alama moja baada ya nyingine, polepole, bila kuruka hata moja. Mimi nilishika taa ya chemni ingawa bado kulikuwa na mwanga wa jioni kidogo. Mdogo wangu alikuwa akiuma mkono wa sweta. Mama alipomaliza aliyamwaga maji nje ya mlango na kukaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, akitazama karai. Nilitaka anipige tena. Ingekuwa rahisi. Na nikiulizwa leo kama ningeuinua mchi ule mara ya pili, jibu ni ndiyo, na ningelenga vizuri zaidi.

Desemba alipashwa tohara. Baba alikuja kutoka Isiolo alikofanyia kazi, mbuzi akachinjwa, na mdogo wangu akakaa kwenye kibanda chake mpaka alipopona. Alitoka amevaa nguo mpya kuanzia soksi. Sauti yake ilikuwa imeshuka huko huko kibandani. Alituaga na sauti moja akatoka na nyingine. Mama akaanza kumpakulia chakula kabla yangu. Mimi nikaambiwa nisimpigie kelele, nisiingie chumbani mwake bila kubisha, na mkono wangu, huu mwepesi, usimguse tena maisha.

Agosti iliyofuata mwalimu alimwita tena kambini, kwa mchezo ule ule wa chifu. Mimi hakuniita, na sikushangaa. Siku moja kabla ya kuondoka nilienda kuchuma mboga, nikamkuta katikati ya kahawa, ameketi chini na kisu kidogo. Mbele yake alikuwa amelaza matawi makavu, yamenyooka, ya urefu mmoja. Alikuwa anayamenya gome.

"Za nini hizo?"

"Za mchezo."

"Mchezo unatumia mabua."

"Mabua ni ya watoto," akasema, na hakuinua macho.

"Chifu ni nani mwaka huu?"

"Mwiji mmoja wa Embu." Akapangusa kisu kwenye suruali. "Ana sauti, yule. Ana sauti kuliko mimi nilivyokuwa."

Nilizizoa zile fimbo zote nikaanza kuzivunjia gotini. Zilikuwa ngumu, nyingine nilizikanyagia juu ya jiwe. Aliruka akanikamata mkono akaupinda nyuma mpaka nikapiga yowe, nikamkanyaga kidole, akanitupa juu ya miti ya kahawa. Mama alisikia akatoka mbio na unga mikononi.

"Mwulize ni za nini!" nikamwambia. "Mwulize, Mama! Mwulize atampiga nani nazo!"

Mama alizitazama zile fimbo chini, zilizovunjika na mbili tatu zilizobaki nzima. Hakuna mtu duniani aliyezijua kuliko yeye. Alikuwa ameosha alama za fimbo kama hizo, moja moja, kwa maji ya chumvi. Nikaona midomo yake ikisogea. Kisha akajifuta unga kwenye leso.

"Mwache," akaniambia. "Huyo si wa kuulizwa na wewe tena."

Akarudi jikoni. Nilifikiri anafuata mwiko, na nikasimama pale pale nimngoje, mkono ukiniuma. Alipotoka alikuwa na panga. Alinipita. Alimpa mwanawe panga lile, mpini mbele, kwa mikono miwili, vile tunavyompa mtu mzima kitu.

"Usikate za karibu na nyumba," akamwambia. "Baba yako ataona akija. Kata zile za kule chini."